Masika juu ya pikipiki: kutoka Mwahako hadi Amani

Jumamosi, Mwahako

Barua ya uhamisho inanitaka nikaripoti tarafa ya Amani, milima ya Usambara, kabla ya mwezi kwisha. Kazi yangu ni ugani: karafuu, pilipili manga, mdalasini na hiliki, mashamba yaliyotawanyika milimani ambako gari la abiria hupita mara chache, na mvua ikikaza halipiti kabisa. Pikipiki ya kazi ipo, cc 125. Kwa hiyo ninajifunza, na ninajifunza mwezi wa Aprili, masika yenyewe. Majirani zangu wa Makorora wameniambia ningoje hadi Juni, nchi ikauke. Mjomba, ambaye bodaboda ndiyo kazi yake ya miaka mingi hapa Tanga mjini, ndiye peke yake aliyekataa.

"Ukijifunza kiangazi, mwanangu, mvua utafundishwa na nani?"

Kabla sijagusa usukani alinikagua mavazi. Ushungi ukaingizwa ndani ya koti, ncha zote mbili. Suruali ikachomekwa kwenye soksi, viatu vikawa vya kufunika kifundo. Cheni na spoku hazichagui kitambaa. Akina mama wengi wa mji huu hupanda bodaboda na madira, mabaibui na mitandio, na pindo moja likininginia likanaswa na gurudumu, mtu huvutwa chini kabla dereva hajasikia chochote. Namwomba kila dereva anayesoma hapa: usiondoe pikipiki mpaka umegeuka ukaona kwa macho yako kwamba nguo ya abiria imekusanywa na kukaliwa.

Kazi ya asubuhi ilikuwa klachi tu. Kiwanja cha wazi, mchanga umeshikana kwa mvua ya usiku. Gia za pikipiki hii zote nne zinakanyagwa mbele. Unavuta klachi, unakanyaga ya kwanza, kisha unaachia taratibu mpaka usikie mashine inashusha sauti na pikipiki inataka kusogea yenyewe. Hapo mkono unasimama. Unaongeza mafuta kidogo, ndipo unaachia iliyobaki. Mjomba alinifanya nirudie hapo hapo, bila kwenda popote, mpaka mkono ukajua mahali pa kusimama bila mimi kuufikiria. Mizani sikuhangaika nayo. Tanga ni mji wa baiskeli, wanawake kwa wanaume, na mtu aliyekulia juu ya baiskeli hana wasiwasi na magurudumu mawili.

Jumapili

Breki. Vijana waliokuja kututazama walinisihi nisiiguse breki ya mkono, kwamba itanirusha kichwa mbele. Nimeshasikia maneno haya katika vijiwe vingi, na yanaumiza watu. Mjomba hakubishana nao. Alichora mstari mchangani, akaja na gia ya tatu, akafika kwenye mstari na kukanyaga ya mguu peke yake. Gurudumu la nyuma likafunga, likaburuta mfereji mrefu huku mkia wa pikipiki ukitafuta kuupita usukani. Akarudi kwa mwendo ule ule, safari hii akitumia zote mbili, ya mkono akiibana kwa vidole viwili, kidogo kwanza kisha kwa nguvu. Alisimama mapema kabisa, pikipiki imenyooka.

Sababu yake ni uzito. Ukifunga breki, uzito wa pikipiki na wako unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani na la nyuma linabaki jepesi, halina cha kushikia. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Inayomrusha mtu ni ile ya kukamatwa ghafla, kwa woga, mkono mzima. Kwenye mchanga uliolegea, kokoto au tope, hapo ndipo mkono unakuwa mwepesi na mguu unachukua kazi.

Jumanne, Barabara ya Pangani

Alfajiri tuliingia lami, kibao cha L cha anayejifunza nyuma, Mjomba amekaa mgongoni kwangu. Karibu saa moja na nusu mbingu ikafunguka. Nilidhani atasema tuendelee, kwa kuwa mvua ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Badala yake akaniambia nisimame kwenye baraza la duka.

Tulikaa hapo kama robo saa tukiitazama barabara. Mafuta yanayodondoka kwenye magari, vumbi, unga wa mpira wa matairi, vyote hulala juu ya lami siku za jua. Matone ya kwanza yanavinyanyua na kuvichanganya, na lami inapakwa utando mwembamba wa utelezi. Niliuona kwa macho yangu karibu na kituo cha daladala: rangi za upinde wa mvua zikielea juu ya maji na kusogea kuelekea mtaroni. Mvua ikizidi, utando unasombwa. Ndiyo maana manyunyu ya dakika za mwanzo ni mabaya kuliko mvua kubwa iliyokwisha kunyesha nusu saa, na ndiyo maana siku ya mvua ya kwanza baada ya jua la wiki nzima huangusha watu hata waliozoea.

Tulipotoka, Mjomba alinionyesha vya kuogopa kimoja kimoja. Mistari myeupe ya kivuko cha watembea kwa miguu: rangi ikilowa haishiki. Mifuniko ya chuma. Majani yaliyoanguka chini ya miembe. Na reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, mji umekua ukiizunguka, na huwezi kuendesha hapa bila kuikata mahali fulani. Chuma kilicholowa hakina rehema na tairi linalokuja kwa ubavu. Punguza mwendo kabla ya kufika, nyosha pikipiki, ikate reli moja kwa moja, si kwa mshazari, mkono mbali na breki, mafuta yasiongezwe wala kupunguzwa mpaka gurudumu la nyuma limepita.

Kisha dimbwi. Sheria yake: dimbwi usilolijua ni shimo mpaka lithibitike vinginevyo. Kama huna njia nyingine, pita alipopita aliyekutangulia, gia ndogo. Tulipotoka ndani ya maji akaniambia nikanyage breki ya mguu. Nilikanyaga na pikipiki ikaendelea kwenda, pedali imeshuka, gurudumu halina habari. Breki za pikipiki hizi ni za ngoma: vipande viitwavyo viatu vya breki hubana ngoma ya gurudumu kwa ndani, na maji yakiingia humo vinateleza. Dawa ni kukanyaga kidogo huku unaendelea na mwendo mdogo, joto la msuguano likaushe. Baada ya hatua kadhaa nikaisikia inaanza kushika, kwanza kwa kukwaruza, kisha sawasawa. Hili nataka kila anayejifunza alisikie chini ya mguu wake akiwa na mtu wa kumwambia ni nini, asije akalikuta mara ya kwanza mbele ya Fuso.

Umbali nao. Chagua nguzo ya umeme ambayo gari la mbele yako limeipita, hesabu sekunde mpaka uifikie wewe. Barabara kavu, zisipungue mbili. Mvua ikinyesha, nne.

Jumatano

Mvua kutwa. Tulifanya kona na matuta. Kwenye lami iliyolowa mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani ya kona, na macho yanatangulia unakotaka kwenda. Ukilikodolea shimo macho, utaliingia.

Alhamisi usiku

Siku hii ndiyo iliyonibadilisha namna ya kuendesha, kwa hiyo naiandika kwa kirefu.

Kwetu huku jua likizama halingoji mtu. Mwezi wa Aprili linatua kama saa kumi na mbili na nusu, na saa moja ikipita kidogo ni usiku. Dereva aliyeondoka kazini akiona vizuri anafika nyumbani gizani, macho yake hayajapata muda wa kubadilika wala yeye hajabadili mwendo.

Tulirudi kiwanjani Mwahako. Mjomba alikuja na magunia mawili aliyoyajaza makumbi ya nazi: moja jeusi, lililochakaa kwa mkaa, na jingine jeupe la unga. Akaniambia nizime pikipiki, nigeuke nyuma. Akalilaza lile jeusi mahali gizani. "Haya, njoo na gia ya pili, taa ya dimu. Ukiliona, simama."

Gia ya pili nilisimama kabla ya kulifikia, nafasi ikabaki. Akalihamisha, akaniambia nije na gia ya tatu. Nililiona, nikabana breki zote mbili kama nilivyofundishwa, na tairi la mbele likapanda juu ya gunia. Akaweka jeupe, gia ya tatu ile ile: nililiona mbali, nikasimama bila haraka.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Gunia lile lingeweza kuwa mzee anayetoka msikitini na koti jeusi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kilomita 40 kwa saa unakata mita 11 kila sekunde. Kwa 60, karibu mita 17. Jicho linaona, kichwa kinaelewa, mkono unafika kwenye breki: sekunde nzima au zaidi imekwenda kabla breki haijaanza kazi. Baadaye ndipo inakuja safari ya kusimama, na kama lami imelowa, safari hiyo inarefuka sana. Taa ndogo ya dimu inamulika kipande kifupi tu. Kasi yoyote inayohitaji nafasi ndefu kuliko kipande hicho ni kasi ya kipofu, hata kama barabara ni mpya na nyoofu. Usiku mwendo unapangwa na taa.

Na taa zenyewe zina ujanja wake. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, ya kwangu ikiwemo, taa ya mbele inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye mashine inavyozunguka. Ukiachia mafuta, taa inafifia, inakuwa ya njano. Maana yake, unapokaribia shimo na kupunguza mwendo, pale hasa unapohitaji kuona, giza linakusogelea. Mjomba alinifundisha kushuka gia mapema ili mashine ibaki na mzunguko, nishike klachi nusu, mguu ukiburuza breki ya nyuma kidogo. Mwendo unapungua na taa inabaki nyeupe. Tulilifanya hilo mpaka saa tatu.

Tukarudi mjini kupitia Duga na Mabawa. Baiskeli, baiskeli, baiskeli, na nyingi hazina taa wala kioo cha kuakisi nyuma. Unachokiona kwanza ni kisigino kinachopanda na kushuka. Gari lenye taa moja mbovu linajifanya pikipiki, na huwezi kujua taa iliyobaki ni ya upande gani mpaka limekaribia. Mpe nafasi ya gari zima. Anayekuja akikupiga fulu, usimjibu kwa fulu. Punguza mwendo, shusha macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami, ufuate huo mpaka apite. Na kioo cha helmeti chenye mikwaruzo kibadilishwe, kwa sababu kila mkwaruzo unaitawanya taa ya mwenzako, na matone ya mvua yakiongezeka juu yake huoni tena barabara, unaona nyota.

Sielewi kwa nini mambo haya hayafundishwi. Hapa mjini kijana anafundishwa klachi na gia mchana mmoja, kiwanjani pakavu, kesho yake anabeba abiria. Mvua yake ya kwanza anakutana nayo na mama na mtoto mgongoni. Giza lake la kwanza vivyo hivyo. Mwalimu yeyote anayepokea pesa ya kumfundisha mtu pikipiki angepaswa kumtoa usiku na kumtoa kwenye mvua kabla ya kumwambia umeiva.

Wiki ya mwisho ya Aprili

Leseni imetoka. Nimenunua koti la mvua la rangi ya njano, kizibao cha kung'aa cha kuvaa juu yake, na plagi ya akiba.

Ijumaa, Tanga hadi Muheza

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu jioni kwa makusudi, ili giza litukute njiani Mjomba akiwa bado nyuma yangu na pikipiki yake. Muheza ni kama kilomita 40, lami tupu. Baada ya Kange magari yakakaza mwendo. Pongwe ndipo penye malori ya saruji, na hapo mvua ikaanza. Semitrela likikupita kwenye mvua linakupiga mara mbili: kwanza upepo unakusukuma, kisha unakunyonya, na katikati yake wingu la maji machafu linafunika kioo. Nilishalegeza mikono kabla halijafika, magoti yamebana tangi. Mikono ikikakamaa, kila upepo unaingia moja kwa moja kwenye usukani.

Giza lilishuka tukikaribia Mkanyageni. Mashamba ya mkonge pande zote, hakuna taa ya nyumba. Ghafla kwenye mwanga wa dimu nikaona majani, matawi mabichi yameangushwa katikati ya njia yangu, hatua chache mbele tawi jingine. Kila aliyekulia nchi hii anaijua lugha hiyo: kuna gari limeharibika mbele. Nilikuwa kwenye mwendo wa kuweza kusimama, nikashuka gia ya pili, nikaonyesha mkono Mjomba anione. Lori lilikuwa limesimama limekula nusu ya lami, halina taa hata moja, rangi yake ya udongo uliolowa. Utingo alikuwa chini ya ekseli na tochi ya simu mdomoni. Tuliliacha taratibu, macho kwenye wanaokuja.

Kama yule utingo asingeingia kichakani kukata matawi kabla ya kushika spana, sijui ni wangapi wangeliingia usiku ule. Namshukuru, na nimwombe na mwenye lori anunue pembetatu za kuakisi.

Muheza, kwa shangazi. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi, nguo zikaanikwa jikoni. Kabla ya kulala Mjomba akafungua kofia ya plagi, akaifuta ndani kwa kitambaa kikavu, kwa sababu maji yakikaa hapo asubuhi mashine inakohoa au haiwaki. Cheni tukaipaka oili, maana mvua iliosha yote.

Jumamosi, Muheza hadi Amani

Zaidi ya kilomita 30 za kupanda, na barabara ya udongo. Hadi Bombani ilikuwa ya kuridhisha. Baada ya Kisiwani udongo ukawa mwekundu na mzito, na mvua ya usiku ilikuwa imeulainisha mpaka ndani.

Kwenye tope mengi ya lamini yanageuka. Breki ya mkono inapumzika. Gia ya pili, mafuta kidogo yasiyobadilika, kwa sababu ukiachia pikipiki inazama na ukivuta ghafla gurudumu la nyuma linazunguka bure na kwenda ubavuni. Magari yamechimba mifereji miwili. Chagua mmoja ubaki ndani yake, usijaribu kuhama katikati ya mlima. Acha pikipiki itikisike chini yako. Itatikisika tu.

Karibu na Sigi usukani ukawa mgumu, halafu gurudumu la mbele likakataa kuzunguka kabisa. Tope lilikuwa limejaa kati ya tairi na madigadi, limeshindiliwa likawa tofali. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka na mkungu wa ndizi kichwani alisimama, akautua, akavunja kijiti cha mti mgumu na kunipa.

"Chokoa kutoka nyuma, mama. Huku juu vijana wote wameinua madigadi zao. Ukifika umwambie fundi akuinulie vidole vitatu."

Tulichokoa pamoja. Nilimkaribisha apumzike kwanza, akacheka, akasema ndizi zina soko la saa nne.

Juu ya Sigi ndipo msitu unafunga. Kuanzia hapo kona ni za kupinda kabisa, kuta za udongo upande mmoja na korongo upande wa pili, na ukungu ukateremka saa tano za mchana kama vile ni alfajiri. Amani iko kama mita 900 juu ya bahari na hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo ukungu ni jambo la kawaida huko. Kwenye ukungu taa iwe dimu. Fulu inarudi machoni mwako, unaangalia ukuta mweupe. Honi fupi kabla ya kila kona, ukingo wa kushoto, mwendo wa mtu anayekimbia. Koti langu la njano Mjomba aliniambia analiona hata mimi mwenyewe nikiwa kivuli tu.

Tulifika mchana, tumelowa, mikono imekufa ganzi kwa baridi ambayo sisi wa pwani hatuijui. Majengo ya taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa hapa na Wajerumani mwaka 1902 bado yapo, na miti waliyoipanda kutoka pande zote za dunia imekuwa mikubwa kupita kiasi. Nitaiandikia siku nyingine. Leo nilitaka moto.

Jumapili, Amani

Mjomba ameteremka asubuhi jua likiwa limewaka, gia ya kwanza, mashine ndiyo ikishika mlima badala ya breki. Fundi ameniinulia madigadi.

Baada ya kikao cha kujitambulisha, akina mama wawili wa kikundi cha hiliki walinifuata pembeni. Wanataka kujua kuendesha. Mmoja mume wake ana pikipiki inayolala ndani siku nzima anapokuwa shambani, na yeye hubeba hiliki kichwani hadi barabara kubwa. Nimewaambia Jumanne jioni, kiwanja cha shule, waje na suruali na viatu vya kufunika. Wakauliza kama si bora tungoje mvua zikatike. Nimewaambia hapana, na nimemtumia Mjomba ujumbe aniletee helmeti mbili na gunia jeusi.